Wembe una kesi ya kujibu?

MWALIMU: Orodha ya njia za kuambukizwa VVU ni ya mistari minne, na kila aliyemaliza darasa la saba anaijua kwa moyo: ngono isiyo salama, damu, mama kwenda kwa mtoto, na kuchangia vitu vyenye ncha kali. Wembe umo katika mstari huo wa nne, pamoja na sindano, pini, mikasi ya kucha na kisu cha ngariba. Siku hizi wanasikika wataalamu wanaotaka wembe utolewe humo kimyakimya kwa madai kwamba unapotosha watu. Sioni unampotosha nani. Wembe mpya haufiki bei ya soda. Nikimwambia mtoto auogope wembe uliokwisha kutumika, kisha ikabainika nilizidisha, amepoteza sarafu. Nikimwambia asiuogope, kisha ikabainika nilikosea, amepoteza uhai. Kati ya makosa hayo mawili sihitaji shahada ya takwimu kujua nichague lipi. Na tukumbuke hali iliyoizaa orodha hii. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baada ya hapo tiba haikuwepo. Waliotunga somo hili walifunga kila mlango waliouona, mkubwa na mdogo. Anayetaka mlango mmoja ufunguliwe ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha kwamba nyuma yake hakuna mwizi.

MSHAURI NASAHA: Hesabu ya sarafu na uhai ingekuwa kamili kama sarafu ndiyo gharama pekee. Orodha, Mwalimu, hufanya mambo kuwa ndugu. Yanayoandikwa mstari mmoja baada ya mwingine kwa herufi za ukubwa mmoja hukaa kichwani kwa uzito mmoja, na uzito wa haya haukaribiani hata kidogo. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kiliziweka tafiti pamoja na kukadiria hatari ya tukio mojamoja, pale ambapo mwenye VVU hatumii dawa na hakuna kinga yoyote. Katika matukio 10,000 ya kuongezewa damu yenye virusi, wataambukizwa watu kama 9,250. Katika matukio 10,000 ya kuchangia sindano ya dawa za kulevya, kama 63. Kuchomwa kwa bahati mbaya na sindano yenye damu kazini, kama 23. Ngono ya uke, mwanamke kutoka kwa mwanamume, kama 8, na mwanamume kutoka kwa mwanamke, kama 4. Ngono ya njia ya haja kubwa, kwa anayeingiliwa, hupanda hadi 138. Mtoto wa mama asiyepata huduma yoyote hakadiriwi hata kwa elfu kumi, maana katika watoto 100 wataambukizwa kati ya 15 na 45 tangu mimba mpaka kuacha kunyonya. Sasa utafute wembe kwenye jedwali hilo. Haumo. Matukio yaliyothibitishwa ni machache kiasi kwamba hakuna kiwango kinachoweza kukokotolewa.

MWALIMU: Jedwali lako ni kisu cha makali mawili. Nikisimama mbele ya kidato cha pili na kusema ngono ni nane katika elfu kumi, watakaonielewa vizuri zaidi ni wale ambao ningependa wasinielewe. Kijana wa miaka 16 akisikia nane katika elfu kumi husikia ruhusa. Na mwenye akili atauliza swali gumu zaidi: kama ni nane tu, mbona tuliwazika watu wengi hivyo? Hapo namba zako zinageuka kuwa kama uongo, ingawa si uongo. Ukinipa jedwali lisilofundishika, hujanipa silaha ya kuchukua nafasi ya orodha yangu.

MSHAURI NASAHA: Swali la kijana huyo ndilo somo lenyewe, na lina majibu mawili. La kwanza, namba ile ni ya tendo moja, na hakuna anayeishi maisha ya tendo moja. Wenza hukutana mamia ya mara, na hatari ndogo inayorudiwa hujazana kama vile matone yanavyojaza pipa. La pili, namba ile ni wastani, na wastani huficha. Katika wiki za mwanzo tangu mtu aambukizwe, pengine kabla kipimo hakijaweza kuona chochote, virusi huwa vingi mno kwenye damu na majimaji ya mwili, na hatari hupanda mara nyingi zaidi. Vidonda vya magonjwa ya zinaa navyo huipandisha. Basi nane hiyo ni chache kwa mmoja na ni mafuriko kwa mwingine.

Lakini ushahidi mkubwa kuhusu wembe hautoki kwenye jedwali, unatoka kwenye umri. Fikiria watoto wa kuanzia miaka mitano hadi kumi na mbili. Hao ndio hunyolewa upara kila mwezi, mara nyingi kwa wembe uliopita kichwa cha kaka. Wengi wao hutogwa masikio, huchanjwa chale, na huumwa na mbu usiku kucha. Kama wembe, pini na mbu vingekuwa njia kuu, kundi hilo lingekuwa la kwanza kuangamia. Haikuwa hivyo hata miaka ugonjwa ulipowaka. Walioathirika waliwekwa kwenye makundi mawili yaliyo wazi: waliozaliwa nao au kunyonyeshwa nao, na waliofikia umri wa kujamiiana. Katikati pakabaki pengo. Pengo hilo ndilo shahidi wa utetezi wa wembe, na sijasikia mwendesha mashtaka aliyemhoji akamshinda.

MUUGUZI: Shahidi huyo namkubali, ila asiachwe aseme nusu. Kuna mahali pengo hilo liliwahi kuzibwa. Mwaka 2019, Ratodero katika wilaya ya Larkana nchini Pakistan, walianza kugundulika watoto wenye VVU ambao mama zao, walio wengi, walipopimwa hawakuwa navyo. Ndani ya miezi michache idadi ilipita mamia, wengi mno wakiwa watoto wadogo. Mwaka 1998 zaidi ya watoto 400 waliambukizwa katika hospitali moja mjini Benghazi, Libya. Romania ilipofunguka kwa dunia mwishoni mwa 1989, watoto wa vituo vya yatima walikutwa na virusi walivyopata kwa sindano zilizorudiwa na damu isiyopimwa. Kijiji cha Roka, Kambodia, Desemba 2014: zaidi ya watu 200, watoto na vikongwe, katika jamii ambayo isingetegemewa kuwa na wengi hivyo. Huko kipimo chako cha umri kilifanya kazi vizuri ajabu, Mshauri. Kilimkamata mhalifu, na mhalifu alikuwa sindano. Kwa hiyo kosa la mstari wa nne ni kwamba umewafunga wembe na sindano pingu moja. Mmoja ana rekodi ndefu, mwingine hana.

Tofauti yao ni ya umbile. Sindano ina tundu. Damu inayobaki ndani ya bomba haioni hewa wala haikauki upesi, na maabara zimewahi kuvikuta virusi vikiwa hai ndani ya bomba kwa muda wa hadi siku 42 kutegemea joto. Kisha damu hiyo husukumwa ndani kabisa, kwenye msuli au mshipa. Damu iliyo juu ya wembe hukaa uwazi na kukauka, na katika saa chache za kukauka virusi hupungua kwa asilimia 90 hadi 99. Mkwaruzo wake ni wa juu ya ngozi. Hata kwetu wauguzi, tunaochomwa na sindano kweli, yenye damu ya mgonjwa anayejulikana, ni kama watatu katika elfu moja wanaoambukizwa bila kinga, na wengi wao ni wale waliochomwa kwa kina na sindano yenye tundu iliyotoka kwenye mshipa wakati huo huo.

MWALIMU: Sista amenipa zaidi ya alivyokusudia. Amesema saa chache. Saluni ya mkesha wa Idi au Krismasi haina saa chache, ina dakika. Mteja anainuka, mwingine anakaa, kitambaa ni kilekile, na spiriti hupakwa kichwani mwa mteja badala ya kwenye chuma. Na jando? Vijana kumi na tano wanapangwa mstari, kisu kimoja, damu mbichi juu ya kidonda kibichi. Mganga anayechanja chale familia nzima kwa wembe mmoja, kuanzia baba hadi kitinda mimba, naye anasubiri ikauke? Hayo si mambo ya kubuni, ni desturi ambazo orodha iliandikwa kwa ajili yake. Mnaposema wembe, mnaona wembe wa maabara.

MUUGUZI: Kisu cha ngariba kibaki kizimbani, sina utetezi. Hapo mambo matatu yamekutana: damu nyingi, muda mfupi na jeraha la wazi. Ondoa moja na hatari huporomoka, na kwa kinyozi kwa kawaida yote matatu hayapo. Mashine ikigusa chunusi na kutoa tone, tone hilo lazima liwe la mwenye virusi vingi, libaki bichi, kisha liingie kwenye mkato wa mteja anayefuata. Linawezekana kama inavyowezekana radi kupiga mti mmoja mara mbili.

Ila msimwachie kinyozi chuma chake kichafu, kwa sababu yupo mwingine anayepita hapo kwa urahisi, na hatumtaji: homa ya ini aina ya B. Kirusi chake hukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka. Mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa hiyo, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30. Linganisha na VVU, ambayo ni chini ya nusu ya asilimia moja. Wembe una kesi ya kujibu, naam, lakini hati ya mashtaka imeandikwa jina la ugonjwa usio wake. Na homa ya ini ina chanjo, ambayo watu wazima wengi hawaitafuti kwa sababu hofu yao yote imeshatumika kwingine.

MSHAURI NASAHA: Ahsante, Sista, maana hofu iliyotumika kwingine ndiyo sarafu ambayo Mwalimu hakuihesabu. Wembe umekuwa shahidi wa uongo anayepatikana kila kona. Mtu akiambiwa ana VVU, jibu lililo tayari mdomoni ni saluni, au sindano ya duka la dawa, au kumuuguza shangazi. Jibu hilo likishakubalika, mwenza hapimwi, kwa kuwa "halikutoka nyumbani." Kuna upande wa pili pia. Yule anayenunua wembe wake na kwenda kwa kinyozi na mashine mfukoni hujihesabu amejikinga, na usiku hulala bila kondomu na mtu asiyejua hali yake. Amelipa kodi ya tahadhari kwenye dirisha lisilo lake. Halafu kuna sahani. Mahali ambapo kila kitu kinaambukiza, mgonjwa hutengewa kikombe, beseni, taulo, mwishowe na kiti. Hakuna kijitabu kilichowahi kuandika kikombe kwenye orodha. Kikombe kiliingia chenyewe kupitia mlango ulioachwa wazi na wembe, kwa sababu aliyefundishwa kuogopa vitu haoni sababu ya kuishia kwenye chuma.

MWALIMU: Unaliita uongo, nami naliita stara. Katika mtaa ambao kila mlango unajua mlango wa pili umepika nini, mwanamke anayesema "nilichomwa sindano" anabaki mke, anabaki mwanakwaya, anabaki na duka lake la vitenge. Anayesema "nilipata kwa mwanamume" anahukumiwa hata kama mwanamume huyo ni mumewe wa ndoa aliyemletea. Wembe umewasitiri watu wengi kuliko takwimu zako zilivyowasaidia. Unataka kulivua vazi hilo mchana kweupe, na mkononi umeshika nini cha kumfunika? Jedwali. Na yupo mwingine: bibi anayemuogesha mwanawe mwenye vidonda bila glovu wala mtu wa kumpokea zamu. Mkimwambia "usiogope" mmemwachia damu mikononi, na mkimwambia "ogopa" mmemnyima mgonjwa mama. Orodha yangu angalau ilimwambia neno moja lisilobadilika.

MUUGUZI: Huyo bibi tunaweza kumjibu kwa uhakika, na jibu ni fupi. Ngozi nzima ni ukuta. Jasho, machozi, mate, mkojo, kumkumbatia, kumlisha, kulala chumba kimoja: hakuna kitu. Akiwa na kidonda mkononi akifunike, damu aiguse kwa glovu au hata mfuko safi wa nailoni, anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, shuka zenye damu aziloweke kwenye jiki. Damu ikimrukia jichoni au mdomoni aoshe kwa maji mengi aje kituoni. Hatari hapo ni chini ya moja katika elfu, lakini dawa za kinga zipo, zianze mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, na zimezwe siku 28. La ajabu ni kwamba jambo moja la nyumbani linalostahili onyo limeachwa nje ya orodha zetu: kumtafunia mtoto chakula. Mwaka 2009 CDC iliripoti watoto watatu Marekani waliodhaniwa kuambukizwa hivyo, kwa damu ya fizi za mlezi iliyochanganyika na chakula. Ni nadra sana. Lakini limeandikwa, na bado tunakesha na pini.

Nasi hospitalini tusijitakase. Yupo mhudumu anayevaa glovu mbili akisikia mgonjwa yuko kliniki ya tiba na matunzo, kisha anamtoa damu mgonjwa wa kitanda cha pili mikono mitupu kwa kuwa anaonekana mzima. Amegeuza hesabu juu chini. Aliye kwenye dawa, anayezimeza kila siku, mara nyingi ndiye mwenye virusi vichache kuliko wote wodini. Wa kuogopewa ni damu isiyojulikana, ndiyo maana sheria ya kazi yetu inataka tahadhari ileile kwa kila mgonjwa.

MSHAURI NASAHA: Hapo Sista amefika kwenye kiini. Hatari haimo kwenye kitu, wala kwenye mtu. Imo kwenye wingi wa virusi na njia ya kupitia. Utafiti wa PARTNER uliwafuatilia wenza ambao mmoja ana VVU na virusi vimefubazwa. Matokeo ya 2016 yalihusu matendo takriban 58,000 bila kondomu, ya 2019 takriban 76,000 kati ya wanaume. Maambukizi kutoka kwa mwenza huyo: sifuri. Kwa hiyo mume aliye kwenye dawa na ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo ni salama zaidi kitandani kuliko kijana mchangamfu ambaye hajawahi kupima. Orodha ya vitu haiwezi kulisema hili kamwe.

MWALIMU: Sifuri yako ina masharti, na masharti ndiyo huanguka njiani. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 78 ya watu wazima wenye VVU Tanzania virusi vyao vimefubazwa. Ni ushindi, sikatai. Lakini zimebaki 22, na hakuna aliyeandikwa usoni yumo katika fungu lipi. Tena sifuri hiyo ni ya ngono. Haimpi mtu ruhusa ya kuchangia damu, na kwa anayenyonyesha hatari hushuka sana lakini hatusemi sifuri. Ukisema "dawa zinazuia" bila kupanga maneno, utawasikia wakikariri nusu ya kwanza. Wewe unaishi na mtu mmojammoja ndani ya chumba cha ushauri. Mimi nina saa moja na watoto sitini.

MUUGUZI: Hofu hiyo ya maneno ninayo pia, kwa upande wangu. Nikieleza habari za Larkana bila uangalifu, mama ataacha kumpeleka mtoto chanjo, na surua itaua palepale ambapo sindano isingemgusa. Lakini takwimu za sindano zina habari njema. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2000 sindano zisizo salama zilileta maambukizi ya VVU kama 260,000 duniani, na kufikia 2010 makadirio ya juu kabisa yalikuwa kama 34,000. Kilichoshusha si hofu ya wagonjwa. Ni mabomba yanayojifunga baada ya matumizi ya kwanza, na visanduku vya usalama. Mgonjwa ana kazi mbili tu: aone pakiti ikifunguliwa mbele yake, na aache kudai sindano pale vidonge vinapotosha. Hili la pili ni gumu kuliko la kwanza, maana wapo wasioamini wametibiwa mpaka wachomwe, na Roka ilianza na watu wa namna hiyo waliomwamini mtu asiye na leseni.

MWALIMU: Basi tulifuate hadi darasani. Katika hao sitini huenda yupo aliyezaliwa na VVU. Nikisema, kama Mshauri anavyotaka, kwamba ngono ndiyo njia kuu na wembe si kitu, watakaomjua hawatauliza yeye aliambukizwaje. Watauliza mama yake je. Jedwali linaishia hapo, na jirani anaanzia hapo.

MSHAURI NASAHA: Jibu ni kwamba vidonge ni vilevile. Aliyepata kwa damu, kwa mama, kwa mume au kwa hawara anameza kidonge kilekile, na kinamfaa vilevile.

MWALIMU: Kidonge ni kilekile, jina si lilelile. Siku atakayesema "nilipata kwa mume wangu" atakapopewa kiti kilekile anachopewa aliyechomwa sindano kazini, njoo uchukue wembe wako. Kwa sasa sindano naitenga mstari wake, kisu cha ngariba mstari wake, na wembe wa kinyozi naushusha.

MSHAURI NASAHA: Mpaka mstari wa ngapi?

MWALIMU: Wa mwisho. Na pembeni yake nitaandika homa ya ini.